Umeletewa notisi ya kuhama duka ama kuongezewa kodi? Fanya hivi (Kenya)

Kila Desemba simu yangu haipumziki. Mwaka ukiisha malandilodi wanaandika makaratasi, na watu wa maduka wananiuliza maswali yaleyale: nimeletewa barua nitoke, nimeambiwa kodi imepanda karibu mara mbili, nimekuta kufuli ya mwenye jengo juu ya kufuli yangu, nifanye nini? Mimi si wakili. Nina duka la vipuri Kirinyaga Road hapa Nairobi na hii kitu nimeipitia mara mbili, mara ya kwanza nikapoteza duka, mara ya pili nikabaki, na tofauti haikuwa pesa wala kujuana na mtu mkubwa, ilikuwa ni karatasi na tarehe basi.

Mara ya kwanza notisi ilisukumwa chini ya shata usiku. Nilifungua asubuhi nikaikuta sakafuni imekanyagwa na kijana wangu, nikaisoma, nikaikunja, nikaiweka kwa droo ya risiti nikisema nitaongea na mzee mwenye jengo akirudi kutoka mashambani, maana tulikuwa tumekaa miaka tisa bila ugomvi. Mzee alirudi, tukasalimiana vizuri, hakuna aliyetaja notisi. Miezi miwili ikaisha, na kumbe kwa sheria nilikuwa nimeshakubali kutoka. Ukishika kitu kimoja hapa ushike hicho, ukinyamaza umekubali.

Sheria tunayoongelea ni ile ya mwaka wa 1965 ya wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula, watu wote wanaiita Cap 301. Kesi zake zinasikizwa na Business Premises Rent Tribunal, ile BPRT, yaani baraza la kuamua kesi za kodi na upangaji wa sehemu za biashara, hapa nitaiita tribunali tu. Iko Nairobi na huwa inaenda kusikiza kesi miji mingine pia kama Mombasa, Nakuru na Kisumu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Nunua faili moja ya plastiki, usitumie mfuko wa karatasi, halafu tafuta hivi:

- Notisi yenyewe, orijino, pamoja na bahasha yake kama ilikuja kwa posta
- Lizi ama agrimenti kama mliandikiana, na kama hamkuandikiana usishtuke, nitakueleza chini
- Ile barua ya ofa uliyopewa siku ya kwanza, wengi huisahau
- Risiti zote za kodi, ama stetimenti ya M-PESA na ya benki ya angalau mwaka mmoja
- Risiti ya dipositi
- Leseni ya biashara ya kaunti yenye jina lako na mahali duka lilipo
- Picha za duka ndani na nje, zenye tarehe
- Meseji zote za WhatsApp na landilodi, ajenti ama keateka, piga skrinishoti mapema kabla mtu hajafuta
- Kitambulisho, na kama biashara ni kampuni, cheti chake

Ongeza na daftari moja la kuandika nani alisema nini siku gani. Mimi daftari langu la shilingi hamsini ndilo lilinisaidia kuliko kitu kingine chochote, maana mbele ya tribunali landilodi alisema alinipa notisi tarehe mosi na mimi nilikuwa nimeandika siku, saa, na jina la aliyeileta.

Hatua ya 1: Andika tarehe uliyopokea

Siku zinahesabiwa kuanzia siku notisi ilipokufikia, haijalishi imeandikwa tarehe gani juu. Ikiletwa tarehe 14 na juu imeandikwa tarehe 1, kwako ni tarehe 14. Andika pembeni kwa biro "imepokelewa tarehe fulani saa fulani na fulani", piga picha.

Ukiambiwa usaini, saini kwamba umepokea, na uandike hilo neno "nimepokea" kwa mkono wako. Usisaini karatasi yoyote yenye "nimekubali", hata kama aliyeileta ni keateka mnayekunywa naye chai kila siku na anakuambia ni ya ofisi tu.

Waambie pia vijana wako wa dukani. Notisi inaweza kupewa mfanyakazi wako hapo kwa duka na ikahesabika umeipata wewe, sasa kama kijana ameiweka chini ya kaunta akasahau, siku zinakwenda na wewe hujui. Hii imeangusha watu wengi sana.

Hatua ya 2: Jua kama Cap 301 inakulinda

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Wengi wanafikiri asiye na lizi ya maandishi hana haki yoyote, na kumbe ni kinyume. Unalindwa kama:

- hamkuandikiana kitu, mlielewana kwa mdomo tu na unalipa kila mwezi, ama
- mliandikiana lakini ni ya muda usiozidi miaka 5, ama
- mliandikiana muda mrefu zaidi lakini ndani kuna kifungu cha kuruhusu kuvunja mkataba kabla miaka 5 ya kwanza haijaisha, bila wewe kuwa umekosa kitu

Kwa hiyo mama mwenye kibanda cha ndani ya jengo ambaye hajawahi kuona karatasi ana ulinzi kuliko kampuni iliyosaini lizi ya miaka 6. Na ndiyo sababu utaona lizi nyingi mjini zimeandikwa miaka 5 na miezi 3. Hiyo miezi 3 watu hufikiri ni ya kupanga duka ama ni zawadi, lakini imewekwa ili lizi itoke nje ya Cap 301. Sisemi ni wizi, ni halali, lakini ujue unasaini nini, maana ukiwa nje ya Cap 301 kinachokulinda ni yaliyoandikwa kwa lizi na Sheria ya Ardhi ya 2012, na hapo kweli tafuta wakili mapema.

"Duka" kwa hii sheria ni neno pana. Ni mahali popote pa kuuza rejareja ama jumla, na pia pa kutoa huduma kwa malipo, kwa hiyo kinyozi, saluni, fundi cherehani, saiba, kliniki, wote wamo. Mkahawa na hoteli wamo.

Wasiokuwemo ni wale ambao landilodi wao ni serikali ama kaunti. Kibanda cha soko la kaunti hakimo, usipoteze nauli kwenda tribunali. Na nyumba ya kuishi ina sheria yake nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Kagua hiyo karatasi

Notisi halali ya landilodi ina sura yake, inaitwa Fomu A. Barua ya ajenti haitoshi. Barua ya wakili yenye letahedi nzuri na muhuri, kama si Fomu A, haitoshi. Meseji ya WhatsApp "ifikapo mwisho wa mwezi uwe umetoka" ndiyo haitoshi kabisa. Angalia hivi:

1. Ni Fomu A?
2. Imekupa miezi 2 kamili ama zaidi, kuanzia siku uliyoipokea?
3. Imetaja sababu?
4. Imekuambia umjibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1 kama unakubali ama hukubali?

Moja ikikosekana una hoja nzito. Kuna kesi ya duka moja la Diani iliyofika mpaka Mahakama ya Rufaa, na majaji wakasema wazi kwamba upangaji wa aina hii hauvunjwi kwa njia nyingine yoyote isipokuwa ile iliyoandikwa ndani ya sheria, notisi iwe kwa fomu, miezi miwili, sababu itajwe. Mpaka leo mawakili wanaitaja.

Na usifikiri notisi ni ya kuhama peke yake. Landilodi akitaka kubadilisha kitu chochote kwa hasara yako lazima apitie njia hiyohiyo: kupandisha kodi, kuondoa choo mlichokuwa mnatumia, kufunga mlango wa nyuma wa kushushia mizigo, kukata maji yaliyokuwa ndani ya kodi. Watu huvumilia haya wakidhani ni mali yake anaweza kufanya atakavyo.

Sasa sababu. Hawezi kuandika "nataka duka langu" akamaliza. Sababu ziko ndani ya sheria, na zile utakazokutana nazo zaidi ni hizi:

- Umechelewesha kodi miezi 2 baada ya siku ya kulipa, ama una tabia ya kuchelewa kila wakati
- Umeharibu jengo ama umevunja masharti kwa njia kubwa
- Anataka kubomoa ama kujenga upya na haiwezekani wewe ukiwa ndani
- Anataka kuitumia mwenyewe kwa biashara yake ama kuishi, kwa muda usiopungua mwaka mmoja

Hiyo ya kubomoa na ya kutumia mwenyewe ndizo zinapendwa, maana zinaonekana safi. Lakini lazima athibitishe. Anayesema anajenga aulizwe ramani zilizopitishwa na kaunti ziko wapi, pesa ziko wapi, mkandarasi ni nani. Mimi mara ya pili niliambiwa jengo linabomolewa, na hiyo wiki nikaona ajenti anampima duka langu kwa futi mtu wa simu, yaani mtu wa kuuza simu, anaangalia ataweka wapi kioo chake cha kaunta. Niliandika kwa daftari: siku, saa, na walivyosema kuhusu rangi ya ukuta. Jengo la kubomolewa mtu hachagui rangi.

Hatua ya 4: Endelea kulipa kodi, ile ya zamani, kwa wakati

Hapa kosa ni kubwa na linauma kwa sababu hufanywa na watu wenye haki. Mtu anakasirika, anasema kwa vile amenifukuza silipi tena, na hapohapo anampa landilodi sababu ambayo hakuwa nayo. Lipa. Lipa kile kiwango cha zamani mpaka tribunali iseme vingine, na ulipe kwa njia inayoacha alama, M-PESA ama benki, uandike mwezi unaolipia. Pesa taslimu kwa keateka bila risiti ni kama hujalipa.

Kuna landilodi anayerudisha pesa ama anafunga namba ili uonekane hulipi. Usizitumie hizo pesa kununulia stoki. Ziweke kando kwa akaunti, mwandikie umejaribu kulipa tarehe fulani akakataa, na ukifika tribunali omba ruhusa uziweke huko.

Hatua ya 5: Mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja

Barua haihitaji Kiingereza cha korti. Yangu ilikuwa hivi karibu neno kwa neno:

"Nimepokea tarehe … notisi yako ya kutaka nitoke kwenye duka namba … jengo la … Sikubaliani nayo na sitaitekeleza. Nitapeleka jambo hili mbele ya Business Premises Rent Tribunal. Naendelea kulipa kodi yangu kama kawaida."

Jina, saini, tarehe, basi. Usianze kueleza historia, usitukane, usitishie, usiseme "labda nikipewa miezi sita zaidi nitatoka" kwa sababu hilo litasomwa kama umekubali kutoka. Maneno ya mazungumzo yaweke kwa mazungumzo.

Peleka nakala mbili, moja asaini amepokea ubaki nayo. Akikataa kusaini, tuma kwa posta ya rejista utunze risiti, na umtumie picha kwa WhatsApp pia uone tiki mbili. Kama aliyetoa notisi ni wakili wake, nakala nyingine mpelekee huyo wakili.

Hatua ya 6: Peleka tribunali kabla tarehe ya notisi haijafika

Barua pekee haitoshi! Nimeona watu wanajibu vizuri halafu wanakaa. Kujibu ni mlango wa kwanza, wa pili ni kufungua kesi kabla ya ile siku ambayo notisi inasema itaanza kazi. Ukifungua kwa wakati notisi inasimama, haina nguvu mpaka tribunali iamue. Kwa hiyo hesabu leo, weka kwa kalenda ya ukutani, na usingoje wiki ya mwisho maana mtandao hulala na ofisi hujaa.

Siku hizi kesi zinafunguliwa kwa mtandao, ndiyo utaona namba zinaanza na E. Unaweza kwenda ofisini kwao uulize, wanasaidia, na mpangaji anaweza kujiwakilisha. Utajaza fomu ya kupinga notisi, utaambatanisha notisi, barua yako, na ushahidi wa kodi. Kama duka ni kubwa ama stoki yako ni ya mamilioni, mlipe wakili, huo sio wakati wa kubana.

Angalia jina la landilodi kabla ya kujaza. Anayekuja kuchukua kodi anaweza kuwa ajenti, mwenye jengo akawa kampuni nyingine, na ukimshtaki asiye mwenyewe unaanza kupoteza wiki kwa kurekebisha makaratasi. Angalia risiti ya kodi iko kwa jina gani, na unaweza kufanya sachi ya ardhi, kwa Nairobi iko Ardhisasa, ule mtandao wa serikali wa mambo ya ardhi.

Hatua ya 7: Jiandae kwa siku ya kusikizwa

Kama kesi ni ya kodi kupandishwa, swali litakuwa moja: maduka kama hili, mtaa huu, yanalipa kiasi gani? Mwenye jengo mara nyingi huja na ripoti ya valua, yaani mtaalamu wa kukadiria kodi na thamani ya majengo, na wewe ukija na mdomo mtupu ripoti yake ndiyo itasimama peke yake. Kama huwezi kulipa valua, tafuta angalau majirani watatu wenye ukubwa wa duka kama lako, wakupe nakala za lizi ama risiti zao. Pima duka lako mwenyewe kwa futi, usiamini ukubwa ulioandikwa. Mimi nilikuta tofauti ya futi za mraba thelathini na kitu kwa sababu walihesabu mpaka nguzo ya korido.

Kama ni ya kuhama, leta ushahidi wa ile sababu waliyoiandika tu. Ukiwa umeandikiwa "kubomoa" usipoteze saa nzima ukieleza vile ulivyo mpangaji mzuri, uliza ramani.

Na kama umetengeneza duka, umeweka tailsi, umeme wa fezi tatu, mezanini, sema. Tribunali ina uwezo wa kukupa fidia ya kupoteza gudwili, yaani jina na wateja uliowajenga hapo, na ya marekebisho uliyofanya, lakini marekebisho yawe yalikubaliwa na landilodi. Kwa hiyo wewe unayesoma hii hata kabla hujapata notisi yoyote, siku ukitaka kuweka mezanini mtumie meseji umwombe ruhusa na uhifadhi jibu lake.

Asiyeridhika na uamuzi, yeyote kati yenu, ana siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Akikufungia duka ama akaleta madalali

Hii nimeitoa nje ya hatua kwa sababu inakuja bila kubisha hodi. Jirani yangu, mama wa hoteli ya ngazi ya chini, alifika saa kumi na moja alfajiri akakuta mnyororo mpya kwenye shata. Ndani alikuwa ameacha beseni mbili za unga wa maandazi aliokanda usiku. Mpaka jua linatoka tunasimama nje tunausikia harufu, umeumuka umemwagika kwa meza, na wateja wake wa asubuhi wanapita wanaangalia. Alitaka kukata mnyororo kwa grainda, na kijana wangu alikuwa tayari na mashine mkononi. Tukamzuia, maana ukikata unageuziwa kesi ya kuharibu mali.

Tulifanya hivi, na wewe fanya hivi:

1. Piga picha na video, mnyororo, notisi kama imebandikwa, na watu walioona.
2. Nenda polisi, taka jambo liandikwe kwa OB, lile daftari la matukio la polisi, upewe namba. Polisi huwa wanasema ni mambo ya kibinafsi, wewe sisitiza namba ya OB tu.
3. Siku hiyohiyo, peleka malalamiko tribunali na ombi la dharura la kufunguliwa. Cap 301 inaruhusu tribunali kusikiza malalamiko hata kama hakuna notisi yoyote iliyotolewa.
4. Ukipata oda, mpelekee landilodi, ajenti, na OCS, yaani mkuu wa stesheni ya polisi iliyo karibu, wote wasaini wamepokea.

Alifunguliwa. Si siku hiyo, lakini alifunguliwa, na bado yuko.

Madalali nao. Landilodi ana haki ya kudai kodi yake kwa kushika mali, lakini kama upangaji wako uko chini ya Cap 301 lazima kwanza apate ruhusa ya tribunali. Wakija waulize oda, soma namba ya kesi, piga picha, na uandike kila kitu kinachobebwa. Usipigane nao. Na kama kweli unadaiwa, usingoje wafike, ombeni mpango wa kulipa kidogokidogo mkaandikiane, malandilodi wengi ninaowajua wanakubali kuliko kulipa madalali.

Kama wewe ndiye landilodi

Nawaheshimu pia wazee wenye majengo, wengine wamejenga kwa pensheni na kodi hiyo ndiyo dawa zao. Na ni kweli kuna mpangaji anayepata oda ya muda halafu halipi hata shilingi. Njia fupi kwako ni kufuata fomu: Fomu A, sababu moja ama mbili unazoweza kuthibitisha, miezi 2 uiongeze na siku chache kwa ajili ya kuchelewa kufika, umpe mkononi mbele ya shahidi na asaini. Notisi mbovu ikitupwa unaanza upya na umepoteza miezi. Mpangaji akiacha kulipa kesi ikiendelea, rudi tribunali uombe ruhusa ya kushika mali, usimfungie.

Maswali na matatizo yanayorudi

*Nimechelewa, mwezi wa kujibu umepita.* Jibu leo, usiseme basi. Kama tarehe ya notisi haijafika, fungua kesi. Tribunali inaweza kumruhusu aliyechelewa akiwa na sababu ya kutosha, kama ugonjwa ama notisi kufichwa na mfanyakazi, lakini hiyo ni huruma yao, usiipange. Kama notisi haikuwa halali tangu mwanzo, sema hivyo pia.

*Jengo limeuzwa na mwenye mpya anasema hanijui.* Mwenye mpya anaingia kwenye viatu vya wa zamani, naye akitaka utoke atoe Fomu A kama mwingine yeyote. Lakini usianze kumlipa kwa sababu amekuja na gari kubwa. Taka barua kutoka kwa wa zamani inayosema kodi ilipwe wapi, na dipositi yako imeenda kwa nani, hilo la dipositi liandikwe.

*Landilodi amefariki, watoto wawili wote wanataka kodi.* Uliza nani ana barua za usimamizi wa mirathi kutoka kortini. Asiye nazo usimpe, hata akiwa kifungua mimba. Wakiwa bado wanapigana, omba tribunali uweke kodi huko, vinginevyo utalipa mara mbili.

*Nililipa gudwili, ile pesa ya kuingilia, laki kadhaa ndipo nikapewa stoli, naweza kuirudisha?* Hili linaniumiza kwa sababu ndilo linaua vijana wetu wa mjini. Wengi hulipa kwa pesa taslimu, bila karatasi, pengine kwa mpangaji anayeondoka na landilodi hana habari. Usilipe gudwili bila maandishi yanayosema ni ya nini, amepokea nani, na itakuwaje ukitolewa mapema. Kama uliyempa ni mpangaji mwenzako, taka landilodi mwenyewe asaini kwamba anakutambua wewe kama mpangaji. Kama umeshalipa tafuta ushahidi wowote, kutoa pesa benki, meseji, mashahidi, halafu muone wakili.

*Nimeletewa lizi mpya ya miaka 6 nisaini nikiwa tayari nina miaka kumi hapa.* Soma hatua ya 2 tena kabla ya kushika kalamu. Kusaini kunaweza kukutoa kwenye ulinzi ulio nao. Si lazima iwe mbaya, kama masharti ni mazuri na kodi inajulikana itapanda vipi kila mwaka, wengine wanapenda hivyo. Ukisaini hakikisha imesajiliwa na ushuru wa stempu umelipwa, lizi inayozidi miaka 2 inatakiwa kusajiliwa.

*Serikali imeweka alama ya X ya kubomolewa kwa jengo.* Hapa Cap 301 haina meno. Agosti na Septemba 2018 Nairobi ilibomoa majengo yaliyodaiwa kuwa kando ya mto ama njia ya barabara, South End Mall pale Langata Road, Taj Mall kule Embakasi, na wapangaji ndio walionekana wakitoa stoki na magodoro usiku. Ukiona X, toa stoki ya bei kwanza, maneno baadaye, halafu mdai landilodi dipositi na kodi uliyolipa mbele. Na kabla ya kukodi jengo lililo karibu na mto, kateremke nyuma yake uangalie kwa macho yako ukuta umefika wapi.

*Landilodi anataka tuongee tumalize nje.* Ongeeni, mimi mara ya pili tulimalizana hivyo, kodi ikatoka 35,000 ikawa 42,000 badala ya 60,000 aliyotaka, na niko hapo mpaka leo. Ila msikubaliane kwa chai halafu ukaondoa kesi. Andikeni makubaliano, wote msaini, yapelekwe tribunali yawe oda, ndipo faili ifungwe.